Kipuri cha Zamani Hakitupwi

Ndugu mkulima,

Huenda hapo kwako Kibamba, au kwa jirani yako wa Kiluvya, upo msumeno wa mnyororo, ule tunaouita chenso, uliolala stoo miaka mingi kwa kukosa kipuri kimoja tu. Dukani umeambiwa, "Mashine hii haina spea tena." Kabla hujauuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, tusikilizane kidogo. Nchi yetu iliwahi kupita katika kipindi ambacho karibu kila mashine haikuwa na spea, na mambo tuliyojifunza wakati ule yanafaa hata leo.

Tuanze na msumeno wenyewe. Mwaka 1929 Andreas Stihl wa Ujerumani alitoa msumeno wa mnyororo unaotumia petroli. Meno ya wakati ule yalikuwa kama ya msumeno wa mkono, yakawa butu upesi. Kisha mkata miti mmoja wa Marekani, Joseph Cox, alimtazama buu wa mbawakawa akila gogo. Aliona kwamba buu yule hutafuna kushoto na kulia, wala hakwaruzi. Akatengeneza jino la namna hiyo, na mwaka 1947 akaanza kuuza minyororo yake. Jino hilo likaigwa na viwanda vingi, na vipimo vya minyororo vikawa vichache vinavyofanana. Shika neno hilo, ndugu mkulima, maana tutalirudia.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1973 Serikali iliunda SIDO ili kukuza viwanda vidogo. Ilikuwa hatua ya busara, maana muda si mrefu mambo yaliharibika. Vita ya Uganda ya 1978 na 1979 ilitugharimu sana, na bei ya mafuta duniani ikapanda. Fedha za kigeni zikaadimika. Matrekta, pampu, mashine za kusaga na misumeno ikasimama, wakati mwingine kwa kukosa ringi ya pistoni au beringi. Mwaka 1980 ikaundwa TEMDO kule Arusha kwa ajili ya usanifu wa mitambo, na mwaka 1981 CAMARTEC kwa ajili ya zana za kilimo na teknolojia ya vijijini.

Lakini mwenye mashine hakuweza kukaa akisubiri. Watu wa Kibamba, wakati ule Wilaya ya Kinondoni na siku hizi Wilaya ya Ubungo, walikuwa na Barabara ya Morogoro ya kuwafikisha mjini kwa mafundi, hadi Gerezani. Huko chuma cha gari bovu kiligeuzwa kitu kingine. Wengine waliua mashine moja ili kufufua nyingine. Hapakuwa na fundi aliyeuliza jina la kiwanda kwanza. Aliuliza, "Umekuja na kile cha zamani?" Kwani kipuri kilichovunjika ndicho kilichokuwa ramani yake.

Mwaka 1984 wafanyabiashara waliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walikozipata, na spea zikaanza kuonekana tena madukani. Jambo hilo lilitusaidia, ila lilitusahaulisha. Tukazoea kutupa cha zamani.

Basi, ni kipi kinachoweza kutengenezwa hapa hapa? Gasketi hukatwa kwa karatasi yake maalumu, ukilifuata umbo la ile ya zamani. Bushi, bolti na pini hukerezwa na fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma. Mpini hutengenezwa upya, na kamba ya kuwashia hubadilishwa kwa kamba imara ya unene ule ule. Bamba linaloongoza mnyororo, likiota kingo, husawazishwa kwa tupa.

Mnyororo usijaribu kuuunga kwa kuchomelea. Ukikatika kazini huruka kama risasi. Lakini hapa ndipo lile neno letu linaporudi: mnyororo mpya wa kiwanda kingine huweza kukaa katika msumeno wa zamani, mradi vipimo vitatu vilingane. Kwanza, pima kutoka katikati ya ribiti ya kwanza hadi katikati ya ribiti ya tatu, kisha gawa kwa mbili. Ukipata kama milimita 9.3 hadi 9.5, hiyo ni inchi 3/8. Ukipata kama 10.3, ni ule mkubwa wa inchi 0.404. Pili, pima unene wa vile vijino vya chini vinavyopita katika mfereji wa bamba: mara nyingi ni milimita 1.3, 1.5 au 1.6. Tatu, vihesabu vijino hivyo vyote. Andika namba hizo, na gurudumu la meno linalouzungusha mnyororo likague pia, maana likiisha hula mnyororo mpya.

Onyo la mwisho. Misumeno mingi ya kabla ya miaka ya 1970 haina breki ya mnyororo. Ikirusha bamba juu, hakuna kinachousimamisha mnyororo kabla haujakufikia usoni. Tena maganda ya injini nyingi ni ya aloi ya magnesi, ambayo ikipata moto mkali huwaka na maji huichochea. Usimpe mchomeleaji asiyeijua. Ikiwa ganda limepasuka, au klachi imechakaa na huna ya kiwandani, hapo kubali: msumeno huo umestaafu. Toa vipuri vyake vizima, vipake mafuta, vifunge katika kopo. Vitafufua wa mwenzako.

Ndugu mkulima, leo jioni fungua stoo yako, utafute kile kipuri kilichovunjika. Usikitupe. Kesho nenda nacho kwa fundi.

Kazi njema shambani.