Kashfa ya Jinai na Migogoro ya Malipo Pwani ya Kusini ya Kenya

Kashfa ni kueneza kwa watu wengine maneno ya uongo yanayomvunjia mtu heshima. Ni ya jinai pale Serikali inapomshtaki msemaji ili aadhibiwe. Ni ya madai pale aliyekashifiwa anapokwenda mahakamani mwenyewe kuomba fidia. Katika biashara, aghalabu huzaliwa na deni. Kati ya Diani, Ukunda na Msambweni, hoteli na nyumba za wageni huchukua samaki, mboga na kazi za mafundi kwa ahadi ya kulipa baadaye. Wageni wakipungua, malipo hukwama, na jina la mdaiwa hutupwa kwenye kundi la WhatsApp likiwa na neno “tapeli” kando yake. Mdaiwa naye hukimbilia kituo cha polisi.

Kifungu cha 194

Kanuni ya Adhabu ya Kenya (Sura ya 63), iliyoanza kutumika mwaka 1930, ilifanya kashfa ya maandishi kuwa kosa, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka 2. Maneno ya mdomo hayakuguswa. Tarehe 6 Februari 2017, katika kesi ya Jacqueline Okuta na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliyotokana na maandishi ya Facebook, Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka uhuru wa kujieleza katika Ibara ya 33 ya Katiba. Njia ya madai ilitosha kulinda jina la mtu, alisema, na jela ilizidi kiasi. Mahakama ya Afrika ilikuwa imeelekea huko mwaka 2014 katika kesi ya mwanahabari Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso.

Sheria ya mtandao

Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya makosa ya kompyuta na mtandao. Kifungu chake cha 23 kililenga anayechapisha, huku akijua, habari za uongo zinazoweza kumharibia mtu jina: faini ya hadi shilingi milioni 5, kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Chama cha wanablogu kiliipinga sheria hiyo. Tarehe 20 Februari 2020 Mahakama Kuu iliikubali, nacho kikakata rufaa. Hivyo, miaka 3 baada ya hukumu ya Okuta, mdai aliyeandika mtandaoni alikuwa bado anaweza kutishwa na jela.

Mashauri mawili

Deni na kashfa hata yakitokana na mzigo mmoja wa samaki, kila moja lina njia yake. Dai la mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6, na lisipozidi shilingi milioni 1 linaweza kusikilizwa na Mahakama ya Madai Madogo, inayotakiwa kuamua ndani ya siku 60. Kashfa hufunguliwa ndani ya miezi 12, na mahakama hiyo hairuhusiwi kuigusa. Kushinda shauri moja hakulifuti jingine: mdaiwa anaweza kuamriwa alipe, na mdai akaamriwa amfidie.

Kutolipa pekee si jinai. Polisi huwa na kazi pale penye dalili za udanganyifu tangu mwanzo wa makubaliano, au hundi iliyotolewa bila fedha benki.

Ukweli kama ngao

Ukweli ni utetezi kamili katika kashfa ya madai, lakini lazima uthibitishwe na aliyesema. “Hoteli haijanilipa samaki wa Machi” huthibitishwa kwa karatasi ya kupokea mzigo iliyotiwa sahihi na taarifa ya M-Pesa. “Tapeli” hudai kuwa mwenye hoteli alikusudia kudhulumu, na nia ni ngumu kuthibitisha. Hata likitamkwa sokoni tu, neno linalomgusa mtu katika biashara yake halihitaji uthibitisho wa hasara maalumu.

Barua ya madai iliyopelekwa kwa mdaiwa peke yake haijaenezwa kwa mtu mwingine, kwa hiyo si kashfa. Malalamiko ya nia njema kwa chifu au polisi nayo yana kinga ya kisheria, ambayo huvunjika penye chuki. Mdai anayefuata njia hizo analilinda deni lake bila kumzawadia mdaiwa kesi.