Majeraha ya michezo ya mtaani: Milanzi, Sumbawanga

Majeraha ya michezo ya mtaani ni maumivu ya misuli, viungo na mifupa yanayowapata wachezaji wasio na daktari wa timu: vijana wa ndondo (mechi za soka la mtaani), wanafunzi wanaojiandaa kwa UMITASHUMTA na UMISSETA (mashindano ya shule za msingi na za sekondari), kina mama wa netiboli. Milanzi ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, mkoani Rukwa, mahali ambapo mguu unaocheza mpira jioni ndio huohuo unaotegemewa shambani Novemba mvua zinapoanza. Kwa hiyo goti likiharibika, hasara haiishii uwanjani.

Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi kali, na misuli isiyopashwa moto huchanika kirahisi, hasa ya nyuma ya paja. Viwanja vya udongo hugeuka tope wakati wa mvua, kisha kiangazi hukausha kila shimo na kila alama ya kwato. Hapo ndipo vifundo vya miguu huteguka. Kutembea uwanja mzima kabla ya mechi na kufukia mashimo ni kinga isiyogharimu senti.

Kinga yenye ushahidi mkubwa zaidi ni FIFA 11+, mpango wa kupasha moto wenye mazoezi 15 ya kukimbia, nguvu, mizani na kuruka, unaochukua dakika 20 hivi. Utafiti uliofanyika Lagos, Nigeria, kwa vijana wa kiume na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha majeraha yakipungua kwa asilimia 41. Sharti la mpango huo ni kuufanya angalau mara mbili kwa wiki, msimu mzima. Mizunguko miwili ya uwanja na kunyoosha miguu kidogo, kama timu nyingi zinavyofanya, haitoshi.

Kosa linaloumiza wengi hutokea baada ya ajali: kuukanda mguu uliotoka kuteguka kwa maji ya moto na kuuchua kwa nguvu. Joto na kuchua huongeza damu kuvujia ndani na uvimbe siku za mwanzo. Kinachofaa ni kuacha kucheza, kufunga bandeji isiyobana mno na kuinua mguu juu kuliko moyo. Kitambaa kilicholowa maji baridi, yasiyokosekana Sumbawanga, hupunguza maumivu. Kiwekwe kwa dakika 10 hadi 20 kila mara. Asiyeweza kupiga hatua nne, au anayeumia sana mfupa wa kifundo ukibonyezwa, apelekwe hospitali kupigwa picha ya eksirei kabla ya fundi wa kuunga mifupa kumgusa. Aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa, hata kwa dakika moja, asirudi uwanjani siku hiyo. Akitapika, akizidi kuumwa kichwa au akisinzia isivyo kawaida, ni dharura.

Kidonda cha uwanja walikopita ng'ombe kinaweza kuingiza vijidudu vya pepopunda. Kioshwe kwa sabuni na maji mengi, na majeruhi aulize zahanati kuhusu chanjo. Wanawake hupewa chanjo hiyo wakiwa wajawazito; wanaume wazima mara nyingi hawajairudia tangu utotoni.

Kupona hakumaanishi kulala wiki nzima. Maumivu yakipungua, kifundo kilichoteguka kidogo kianze kusogezwa na kukanyagiwa taratibu, kisha mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja yafuate, kwa kuwa kano zilizovutika hupoteza uwezo wa kushika mizani. Anayerudi kwenye ndondo kwa sababu tu uvimbe umeisha huteguka tena palepale. Kipimo ni kukimbia, kukata kona na kuruka kwa mguu ulioumia bila maumivu na bila kuchechemea.

Kocha asimpange mchezaji ambaye hajafikia kipimo hicho, hata kama mechi ni fainali.