Programu za Zamani Katika Mifumo Mipya: Neno Utangamano na Mambo Linayoyaficha

Mwandishi wa makala haya aliwahi kupewa kazi ya kusahihisha tafsiri ya mkataba wa kununulia kompyuta za ofisi moja ya umma. Kifungu kimoja kilisema kwamba mfumo endeshi mpya utakuwa na "utangamano" na programu zilizokuwapo. Mfasiri hakukosea, neno hilo linatumika, na maana yake yaeleweka. Lakini ofisi hiyo ilikuwa na daftari la pensheni lililosomeka kwa programu moja tu, ya zamani sana, ambayo mtungaji wake alikuwa ameondoka kitambo. Ilikuwa haki yao kujua programu hiyo itatangamana na mfumo mpya kwa njia gani, na kwa muda gani. Historia ya kompyuta yaonyesha kwamba njia ni zaidi ya moja, na yafaa kila moja iwe na jina lake.

Mfumo endeshi, kwa wasomaji ambao si watu wa fani hii, ni programu kuu inayogawa kumbukumbu, kusimamia diski na kupanga zamu za programu nyingine. Programu iliyotungwa kwa ajili ya mfumo mmoja huomba huduma kwa desturi za mfumo huo. Mfumo ukibadilishwa, au mashine yenyewe ikibadilishwa, desturi hizo huweza kukosa mtu wa kuzifahamu.

Shida hii ilijitokeza kwa ukubwa tarehe 7 Aprili, 1964, kampuni ya IBM ya Marekani ilipotangaza jamii mpya ya kompyuta, System/360. Wateja wake wengi walikuwa wakitumia 1401, iliyotangazwa mwaka 1959, ambayo zilitengenezwa zaidi ya 10,000. Amri za mashine hizo mbili hazikufanana. Tena, mnamo Desemba 1963, kampuni ya Honeywell ilikuwa imekwisha kutangaza kompyuta yake ya 200 pamoja na programu iliyoitwa Liberator, ambayo kazi yake ilikuwa kuzigeuza programu za 1401 zikubalike kwake. IBM ilikuwa katika hatari ya kunyang'anywa wateja iliowalea yenyewe. Dawa yake ilikuwa kutia ndani ya baadhi ya mashine za 360 amri ndogo ndogo, zilizofungwa katika mashine yenyewe, zilizoiwezesha kutenda kama 1401. Kazi hiyo wahandisi wake waliipa jina la Kiingereza lenye maana ya kuiga kwa kushindana na yule anayeigwa, ili kuitenga na uigaji wa programu tupu, uliokuwa wa pole pole mno. Tofauti hiyo ilishikwa mpaka kufikia mwaka 1980 hivi. Baadaye ikalegea, na siku hizi Kiingereza chenyewe hutumia neno lile la kwanza kwa yote mawili. Sioni sababu ya Kiswahili kuurithi ulegevu huo.

Kuna njia nyingine ambayo si kuiga hata kidogo, bali ni mwenyeji kuyastahamili makosa ya mgeni wake. Kampuni ya Microsoft ilipotoa Windows 95, tarehe 24 Agosti, 1995, ilikuta kwamba mchezo uitwao SimCity, uliotungwa kwa ajili ya Windows 3, ulikuwa na kosa: ulisoma sehemu ya kumbukumbu baada ya kuirudisha. Katika mfumo wa zamani kosa halikuonekana, kwa sababu sehemu ile ilibaki kama ilivyoachwa. Katika mfumo mpya ingegawiwa mwingine upesi, na mchezo ungekwama. Mtu angetazamia kuwa mchezo ndio utasahihishwa. Kilichorekebishwa ni mfumo: ukitambua kwamba SimCity inaendeshwa, haugawi haraka kumbukumbu iliyorudishwa. Hali kadhalika, programu za zamani zilipouliza namba ya toleo, Windows 95 ilijibu kuwa ni 3.95 badala ya 4.0, kwa kuwa baadhi yao zilipima vibaya. Zilitaka tu tarakimu zilizo nyuma ya nukta zifike 10. Ni uongo, lakini uongo wa adabu. Kwa jambo hili napendekeza neno ambalo tunalo tayari: stahamala.

Kampuni ya Apple nayo yatupa mifano inayowahusu wafasiri hasa. Mwaka 1994 ilipohamia kwenye vichakato vya PowerPC, ilitia katika mfumo wake programu iliyozisoma amri za mashine za awali moja moja na kuzitekeleza papo hapo, kama mkalimani aliyekaa kati ya wasemaji wawili. Mwaka 2006, ilipohamia kwenye vichakato vya Intel, programu yake ya Rosetta iligeuza vifungu vya amri na kuviweka akiba ili vitumike tena. Hiyo ni tafsiri. Baina ya hizo mbili, mfumo wa Mac OS X wa mwaka 2001 ulikuwa na kitu kilichoitwa Classic: mfumo wa zamani, yaani Mac OS 9, uliendeshwa mzima mzima ndani ya ule mpya. Huo nauita upangishaji, na mpangaji huweza kupewa notisi. Classic haikufanya kazi katika mashine za Intel, na toleo la 10.5, la Oktoba 2007, liliiondoa kabisa. Rosetta iliondolewa Julai 2011, katika toleo la 10.7.

Mkataba ule tuliurudisha ukiwa na swali pembeni. Muuzaji alijibu kwa sentensi moja: programu ya pensheni ingepangishwa, kwa miaka mitatu. Kifungu kiliandikwa upya, neno "utangamano" likafutwa, na ofisi ikaanza kulinakili daftari lake.