Kukodi Boti Lamu: Cheki Maji Kabla ya Doo
Wewe na mabeshte mmechanga doo mkodi boti yenu pekee mzunguke visiwa vya Lamu? Form safi. Lakini jueni mapema: huko bosi si pesa, ni maji.

Anzeni na Manda, ng'ambo tu ya mji wa Lamu. Magofu ya Takwa, mji uliohamwa zaidi ya miaka 300 iliyopita, yako ndani kwa mikoko, na boti hufika maji yakijaa. Yakipwa mkiwa huko, mtakwama kwa matope mkingoja. Siyu, kule Pate, ni vile vile. Kiwayu ni mbali na iko upande wa Somalia. Ulizieni usalama kwanza.

Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Ratiba ya jana haitawasaidia leo. Muulizeni nahodha saa ya kurudi kabla hamjang'oa nanga.

Kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari huwa poa kuliko wakati wa kusi. Kila msee avae jaketi la kuokolea, hata yule hujiita samaki. Na nahodha akisema leo hatutoki, msimbishie. Doo hutafutwa tena, maisha hapana.