Zigi: Matembezi Mepesi Ndani ya Msitu wa Majaribio

Tuliokulia Chanika tunajua kupanga foleni na madumu. Naisema Chanika ya Handeni, siyo ile ya Dar es Salaam ambayo kila mtu hudhani ndiyo kwetu. Maji yetu ya bomba yanasukumwa kwa mashine kutoka mto Pangani, upande wa Korogwe, na mashine ikigoma unaanza kuhesabu ndoo. Kwa hiyo mtu wa Handeni akifika Zigi mara ya kwanza, kinachomshangaza si miti. Ni kelele za maji. Yanatiririka tu, usiku na mchana, na hakuna anayeyalinda na dumu.

Safari yenyewe siyo ngumu. Toka Chanika hadi Korogwe, pitia Segera, shuka Muheza, kisha panda gari la Amani kwa barabara ya vumbi hadi lango la Zigi. Pale utalipa kiingilio, utachukua mwongoza watalii, na mtaanza kutembea kando ya vijito, chini ya kivuli, mahali ambapo hata shangazi yako mwenye magoti mabovu atafika bila shida. Vaa viatu vinavyofunga, mawe yanateleza.

Sasa, kabla hujaanza kupiga picha na kuandika "msitu ambao haujaguswa na mtu", ngoja kwanza. Geuka uitazame nyumba ya zamani iliyo karibu na lango, ile inayotumika kama kituo cha maelezo. Hiyo ilikuwa nyumba ya mkuu wa stesheni. Ndiyo, stesheni ya treni! Wajerumani walijenga tawi la reli la kilomita kama 23 kutoka Tengeni, kwenye njia kuu ya Tanga, hadi hapa Zigi. Shida yao ilikuwa kuteremsha magogo.

Walianza na kahawa. Mwaka 1891 kampuni ya Kijerumani ilifungua shamba Derema, huko juu, na mengine yakafuata. Hesabu yao ilionekana sahihi: mahali penye miti mikubwa namna hii lazima pawe na udongo mnono. Kumbe sivyo. Mvua ya Amani inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na kwa maelfu ya miaka imekuwa ikiosha rutuba na kuipeleka chini. Chakula cha msitu kiko juu juu, kwenye majani yanayooza na kunyonywa tena na mizizi kabla hayajapotea. Ukikata miti, umetupa ghala pamoja na akiba yake. Kahawa ikazaa vizuri miaka michache, halafu ikachoka.

Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ikaanzisha Amani taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo, na bustani ya mimea kutoka pande zote za dunia: mitiki, mipira, mikwinini, mdalasini, kafuri. Baadhi ya mistari ya mitiki utakayoipita ni ya urithi huo. Vita ya Kwanza ilipofunga bahari, magome ya mikwinini yakatumika kutengeneza kwinini ya askari wa von Lettow-Vorbeck. Mwaka 1916 Waingereza wakaichukua, na baadaye Amani ikawa kituo cha utafiti wa malaria. Mlima mmoja, dawa na ugonjwa wake!

Katika majaribio yote hayo, moja lilitoroka. Muombe mwongozaji akuonyeshe mhesi: shina lililonyooka, gome la rangi ya majivu, majani yasiyofunga kivuli sana. Asili yake ni kwetu huku huku Afrika, kuanzia upande wa Ziwa Viktoria kwenda magharibi, lakini Usambara ni mgeni. Jina lake la kisayansi, *Maesopsis eminii*, linamkumbuka Emin Pasha. Franz Stuhlmann, aliyeiongoza taasisi ya Amani mwanzoni, ndiye aliyesafiri na Emin kwenda kwenye maziwa makuu. Mhesi ulikaa kimya miaka mingi. Kisha miaka ya 1970 na 1980 mashine za mbao zilizopatikana kwa msaada wa Finland zikaingia msituni na kuacha mapengo. Mhesi unapenda jua, na hondohondo wanapenda matunda yake. Wao wakala, wakaruka, wakadondosha mbegu kwenye kila pengo. Kelele za wanasayansi na wananchi zilisaidia kusimamisha ukataji ule, lakini hondohondo huwezi kumsimamisha.

Hapo ndipo unapohitaji kuinama kijitoni. Kwenye miamba yenye unyevu, kivulini, tafuta ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wakati wa Wajerumani, alilituma kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 likaandikwa kwenye sayansi kwa jina la *Saintpaulia*. Tangu 2015 wataalamu wamelihamishia kwenye jenasi *Streptocarpus*, ila maduka ya maua ya Ulaya na Marekani hayana habari, yanaendelea kuliuza kwenye vyungu kwa jina la zamani. Huku nyumbani linategemea kivuli. Kivuli kikipungua, mwamba unakauka, nalo linakufa.

Na siyo ua peke yake. Zigi inashuka hadi bwawa la Mabayani, na hayo ndiyo maji ya jiji la Tanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu walipogundua dhahabu kwenye milima hii, walichimba mpaka ndani ya vijito, na tope likaenda na mkondo. Upande wa magharibi, vijito vinaingia Lwengera, na Lwengera inaingia Pangani karibu na Korogwe, mto uleule tunaoutegemea Handeni.

Amani ilitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, ya kwanza nchini. Mihesi bado imo. Wengine wanasema ikatwe, wengine wanasema ukiikata unafungua mapengo mapya kwa mbegu zake zilezile. Muulize mwongozaji wako anasimama wapi, ana muda wa kutosha kukujibu kabla hamjarudi langoni.