Lugha ya Pili Huingiaje Kinywani?

Huko Ufipa, katika nchi ya juu iliyo baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, kuna mji uitwao Sumbawanga. Wenyeji husema kuwa maana ya jina hilo kwa Kifipa ni "tupa uchawi". Nasi watu wa pwani twaelewa nusu yake bila ya kufunzwa, kwani wanga kwetu pia ni wachawi.

Kifipa na Kiswahili ni ndugu wa ukoo mmoja wa Kibantu. Kwa hiyo Mfipa ajifunzapo Kiswahili haanzi mikono mitupu. Ngeli za majina azijua tangu kwao. Lakini udugu huo peke yake haukumtia mtu neno kinywani. Lililomtia ni haja.

Katika karne ya 19 wafanya biashara wa pwani walikuwa wameshafika Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika, hata upande wa Kirando. Wafipa walikuwa wafua chuma hodari, wenye matanuu marefu ya udongo. Walifuma nguo za pamba, na walilima nafaka. Msafara ulifika na njaa. Mwenye nafaka alitaka nguo na shanga. Hapo hapakuwa na mwalimu wala ubao. Mtu alianza kwa salamu, kisha hesabu, kisha neno la kukataa bei. Alikosea, akaeleweka, na kesho akarudi tena.

Wala haifai kuficha kwamba misafara hiyo hiyo ilichukua watu pamoja na pembe. Wako walioisikia lugha yetu kwanza njiani, shingo zao zimo minyororoni. Sisi twapenda kusimulia jinsi Kiswahili kilivyoenea bara kwa adabu na dini, na hilo ni kweli kwa sehemu yake. Lakini wengi waliokieneza hawakuwa masheikh, na wengine walikuwa wadhalimu.

Kisha wakaja Wadachi, wakajenga boma Kasanga, wakaliita Bismarckburg, na amri za askari na barua za makarani wao zikawa kwa Kiswahili. Waingereza waliowafuata walikiacha mashuleni, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikishika Kiunguja kuwa ndio msingi wa Kiswahili cha vitabuni. Mwaka 1967 Serikali ya Tanzania ikakifanya kuwa lugha ya kusomeshea shule zote za msingi, na mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Naliona hili la mwisho kuwa kubwa kuliko yote. Mwanamume alikuwa akisafiri na kurudi na lugha. Mkewe, ambaye shamba na watoto havikumpa ruhusa, sasa alikaa darasani na kuuliza kwa kinywa chake mwenyewe.

Leo mtoto wa Kasense, pale pale mjini Sumbawanga, aweza kusikia Kifipa kwa bibi yake na Kiswahili kwa wenziwe wachezao naye, asione taabu katika hili wala lile. Na kumbe wasemao Kiswahili walio wengi wamekipata kwa njia hiyo, kikiwa ni lugha ya pili. Basi inakuwaje sisi tukimsikia mtu wa bara akiteleza katika neno tuangue kicheko?

Kwani sisi wenyewe tunayo lugha ya pili, nayo ni Kiarabu. Hebu tujitazame. Nimesomesha chuoni miaka mingi, na nimewahitimisha watoto juzuu thelathini kwa matamko safi, ambao hawakuweza kuomba maji kwa Kiarabu. Kusoma Qur'ani kuna thawabu zake, hilo halina shaka. Lakini mchukuzi wa Kifipa aliyekwenda pwani na kurudi alipata lugha zaidi kuliko mwanafunzi wangu wa miaka sita.

Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amsomee na kumwandikia barua, naye akayaweza kwa muda wa nusu mwezi. Alikuwa na akili, naam, lakini pia alikuwa na kazi iliyomngoja. Na Sibawaihi, imamu wa nahau ya Kiarabu, asili yake ni Mwajemi. Imepokewa kuwa alikosea neno mbele ya sheikh wake Hammad bin Salama huko Basra, akasahihishwa, naye akaazimia kuisoma elimu ambayo kwayo hatakosolewa tena. Lau angalichekwa mpaka akatoka asirudi, je, ni nani angaliandika Al-Kitab?

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alilifahamu jambo hili alipotoa gazeti lake la Al-Islah, Mombasa, mwaka 1932, akiwasemesha watu kwa lugha waielewayo. Na Sheikh Abdulla Saleh Farsy akawakamilishia watu tafsiri ya Qur'ani yote, mwaka 1969.

Mimi nilianza nikiwa nimechelewa. Siku hizi, kabla ya kufungua misahafu, mtoto mmoja humwomba mwenzake kwa Kiarabu kalamu, maji au nafasi ya kukaa. Siku ya kwanza darasa zima lilicheka. Nikawaambia kuwa atakayecheka ndiye atakayefuata kuomba, na kimya kikaingia.