Siku ya Kuzaliwa Abraham Lincoln

Kila mwaka, tarehe 12 Februari, watu hukutanika Washington, katika Marekani, kwenye jumba la mawe meupe lenye nguzo 36. Ndani imo sanamu ya Abraham Lincoln, ameketi kitini. Huwekwa mashada ya maua, na hotuba yake fupi ya Gettysburg husomwa. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1809 katika kibanda cha magogo huko Kentucky; naye alipokuwa Rais, tarehe 1 Januari 1863, aliwatangazia uhuru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Miaka kumi baadaye soko la watumwa la Unguja likafungwa, basi sisi nasi twajua uzito wa tangazo lile.

Lakini tusifiche neno. Jumba lilipofunguliwa, 30 Mei 1922, watu weusi waliofika waliketishwa mbali na wazungu, ingawa Robert Moton, mweusi mwenzao, alikuwa mmoja wa wasemaji! Tena mwaka 1939 Marian Anderson, mwimbaji mweusi mwenye sifa kuu, alinyimwa ukumbi mkubwa wa mji ule. Siku ya Pasaka, 9 Aprili, akasimama penye ngazi za Lincoln akaimba, na watu wapatao 75,000, weupe kwa weusi, wakamsikiliza wamesimama pamoja.